Je, Aliyeua Majani Hakuua Mtu?

Jioni moja hapa Zombo, baada ya mafundisho, mzee mmoja wa usharika alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu mara moja. Alikuwa amesikia habari za vita vya Vietnam, jinsi ndege zilivyomwaga dawa juu ya misitu hata miti ikabaki mitupu. Akasema: “Walimu, amri ya tano yatukataza kuua. Lakini yule aliyemwaga dawa hakumpiga mtu risasi. Aliua majani tu, ili adui asipate pa kujificha. Je, huyu naye ameivunja amri? Au kosa lake ni dogo kuliko la mwenye bunduki?”

Wengine walicheka kidogo, maana siku ile wengi wetu tulikuwa tumetoka kupulizia dawa ya magugu katika mashamba ya mahindi, na mabomba yalikuwa yameegemezwa ukutani. Walakini mzee hakucheka. Tulimwomba atupe muda tufikiri na kusoma. Na sasa twaleta mbele yenu yale tuliyoyapata, kwa kuwa twaona swali hili si la Vietnam peke yake, wala si la zamani tu.

Yatupasa kwanza kulitazama neno lenyewe, “dawa.” Katika lugha yetu neno hili lina nyuso mbili. Mama humpa mtoto dawa ili homa imtoke. Mwenye ghala hununua dawa ya panya ili panya wafe. Moja yaponya, nyingine yaua, na zote mbili twaziita kwa jina lile lile. Ndiyo sababu mtu akisikia habari ya “dawa ya majani” hashtuki, kwa kuwa sikio lake limezoea kwamba dawa ni kitu cha kusaidia. Basi tukumbuke tangu mwanzo ya kwamba jina jema haliiondolei sumu ukali wake.

Dawa hizi zilianzaje? Mwaka 1943 kijana mmoja wa Kimarekani, jina lake Arthur Galston, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois. Alitafuta namna ya kuifanya soya itoe maua mapema, watu wapate chakula zaidi. Akaona ya kwamba dawa aliyoitumia, ikizidi kiasi, yaangusha majani ya mmea. Kwake lilikuwa ni jambo la shamba tu. Lakini baadaye wachunguzi wa jeshi waliisoma kazi yake kwa macho mengine. Katika miaka ile ile ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walikuwa wakichunguza dawa nyingine, kama vile 2,4-D na 2,4,5-T, kwa nia ya kuharibu mazao ya adui. Vita vikaisha mwaka 1945 kabla hawajazitumia.

Wengi hawajui ya kwamba safari ya dawa hizi ilipita katika nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1950 na 1952 Waingereza walifanya majaribio hapa Tanganyika, na mahali pamoja palikuwa Kikore, upande wa Kondoa. Walitaka kujua jinsi dawa za kuua miti na kuangusha majani zinavyofanya kazi katika nchi za joto. Miongoni mwa dawa hizo zilikuwamo 2,4-D na 2,4,5-T. Kisha, mwaka 1952 na 1953, ndege zilimwaga 2,4,5-T katika nchi ya Kenya, ili ipimwe kama yafaa kuwaondoa mbung'o.

Hatuwezi kusema ya kwamba kuwapiga vita mbung'o ni jambo baya. Wazee wetu walijua malale ni nini, na mfugaji ajua jinsi ng'ombe anavyokonda na kufa kwa ugonjwa wa nagana. Miaka mingi watu walikwenda kwa shoka na panga kufyeka vichaka walimokaa mbung'o, na kazi hiyo ilikuwa ngumu sana. Lakini tazameni jambo hili: jaribio lililoweza kumfaa yule anayetaka kuondoa maficho ya mbung'o, liliweza vile vile kumfaa yule anayetaka kuondoa maficho ya mtu. Kichaka hakijui nani amejificha ndani yake, wala dawa haiulizi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 Waingereza walizitumia dawa za namna hii vitani, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Malasia, kuondoa majani kando ya barabara na kuharibu mashamba ya waliokuwa wakipigana nao msituni.

Halafu vikaja vita vya Vietnam. Tangu mwaka 1962 mpaka 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya nchi ile. Mapipa yalipigwa mstari wa rangi ili yatambulikane, na dawa zikaitwa kwa rangi hizo. Iliyotumika kuliko zote ni Agent Orange, yaani ile ya rangi ya machungwa, iliyokuwa nusu 2,4-D na nusu 2,4,5-T. Nyingine iliyopewa rangi ya buluu ilikuwa na zarniki, nayo ilitumika hasa kuharibu mpunga.

Sasa tulirudie swali la mzee. Tusimdhulumu anayesema kwa upande wa pili, maana ana neno la kusema. Atasema hivi: “Askari wetu walikuwa wakipita barabarani, na adui akawavizia katika majani. Majani yalipoondolewa, walionekana mapema, na vijana wengi wakarudi kwa mama zao. Je, si afadhali mti ufe kuliko mtu?” Neno hili si la kipumbavu. Sisi nasi hukata mti ulioegemea nyumba. Kama habari ingekuwa imeishia hapo, yaani mti umekufa na mtu amepona, tungekuwa na shida kumhukumu. Lakini haikuishia hapo, na twaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza: auaye chakula, amemwua mlaji. Jambo hili sisi watu wa upande huu wa nchi hatuhitaji kulisoma katika vitabu vya Vietnam. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, moto wake ulifika hata upande wa Kilosa na Morogoro. Watu walikuwa wameamini maji ya Kinjikitile kuwa ni dawa ya kuwakinga na risasi, wala hayakuwakinga. Lakini risasi hazikuwamaliza kama njaa ilivyowamaliza. Majeshi ya serikali ya Kijerumani, chini ya Gavana von Götzen, yalichoma vijiji, yakateketeza mashamba na maghala, ili watu washindwe kwa kukosa chakula. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa. Wataalamu wa historia waliokuja baadaye walisema huenda walifika 250,000 au hata 300,000. Wengi wa hao hawakuguswa na risasi. Je, aliyechoma ghala atasema, “Mimi nilichoma mahindi tu”?

Huko Vietnam mambo yalikuwa vile vile, ila badala ya kiberiti palikuwa na ndege. Ilisemekana kwamba mpunga unaoharibiwa ni wa wapiganaji. Lakini mpunga haukui kwa jina la mtu. Wachunguzi wa Kimarekani waliotumwa kulitazama jambo hili walieleza mwaka 1967 ya kwamba waliopata hasara hasa ni wanakijiji, kwa sababu mwenye bunduki hakosi kupata sehemu yake kwanza, na mama mwenye watoto hubaki na sufuria tupu. Hata katika Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 20, majeshi yanayozingira mji yamekatazwa kuikata miti ya matunda, kwa kuwa mti si adui wa mtu, na watu hula matunda yake. Amri hiyo ilitolewa wakati wa vita, si wakati wa amani. Yatufundisha ya kwamba hata vita vina mpaka, na mpaka huo wapita katika shamba.

Sababu ya pili: jani halifi peke yake. Sumu haikai pale ilipowekwa. Huingia katika udongo, mvua huichukua mpaka katika mto na bwawa, samaki humeza, na bata, na mwishowe mtu. Na katika ile 2,4,5-T palikuwa na kitu cha pili, ambacho hakuna aliyekusudia kukitia. Kinaitwa dioksini. Huzaliwa chenyewe wakati dawa inapotengenezwa, hasa moto ukizidi kiasi. Kilikuwa sehemu chache tu katika milioni, hakionekani kwa macho wala hakinusiki, lakini ni miongoni mwa sumu kali zilizopata kujulikana. Kikiingia mwilini hukaa katika mafuta ya mwili, na yapata miaka saba au zaidi hupita kabla nusu yake haijatoka. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilikitangaza kuwa chasababisha saratani kwa wanadamu. Hata serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1991 na amri zilizofuata, huwasaidia askari wake wa zamani waliopatwa na saratani za namna mbalimbali, na ugonjwa wa kisukari, kwa kuhesabu ya kwamba waliupata kwa dawa ile.

Na watoto je? Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, maana wataalamu wangali wakishindana juu ya madhara kwa wale waliozaliwa baadaye. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Vietnam chakadiria watu wapata milioni tatu kuwa wamedhurika, wakiwamo watoto wengi waliozaliwa na kilema. Wengine husema hesabu hiyo ni kubwa kupita kiasi. Lakini tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani imekubali kuwasaidia watoto wa askari waliokuwa Vietnam, wakiwa wamezaliwa na ugonjwa wa mgongo wazi. Mtoto huyo hakuwako vitani. Hakushika bunduki, wala hakujificha katika majani. Wahenga walisema, majuto ni mjukuu. Wao walinena kwa mfano, kwamba majuto huja nyuma. Katika habari hii mfano umekuwa jambo lenyewe.

Udongo nao haujasahau. Katika uwanja wa ndege wa Da Nang, dawa zilipokuwa zikihifadhiwa na kupakiwa, kazi ya kusafisha ilianza mwaka 2012 ikaisha mwaka 2018. Udongo upatao mita za ujazo 90,000 ulirundikwa ukatiwa joto la zaidi ya nyuzi 300 ili sumu itoke. Huko Bien Hoa, penye sumu nyingi zaidi, kazi ilianza mwaka 2019. Fikirini, ndugu: miaka hamsini baada ya vita, watu wangali wakiupika udongo.

Sababu ya tatu yahusu neno ambalo kila mkosaji hulipenda: “Sikujua.” Ni kweli ya kwamba rubani aliyebonyeza kitufe hakujua habari ya dioksini. Askari waliobeba mapipa hawakujua, nao wengi waliugua. Hatuwezi kumhesabia mtu huyo hatia sawasawa na aliyejua. Lakini kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu asiyekuwa na njia ya kujua, na kuna kutojua kwa mtu aliyeona ishara akageuza uso. Mwaka 1949, katika kiwanda kimoja cha Marekani mahali paitwapo Nitro, mtambo uliokuwa ukitengeneza vitu vya 2,4,5-T ulipasuka, na wafanyakazi wakashikwa na ugonjwa mbaya wa ngozi. Mwaka uliofuata ndipo majaribio ya Kikore yalipoanza. Mwaka 1957 wataalamu wa Ujerumani walionyesha ya kwamba dioksini ndiyo iletayo ugonjwa ule. Miaka mitano baadaye ndege zilianza kumwaga kule Vietnam. Ishara zilikuwako. Wenye kuuliza walikuwa wachache, na wenye haraka walikuwa wengi.

Tumtazame tena yule Galston. Aliposikia yanayotendeka Vietnam hakusema, “Mimi nilitafuta maua ya soya tu.” Alisimama pamoja na wataalamu wenzake, akasema na kuandika mpaka serikali yake ikasikia. Mwaka 1967 wataalamu zaidi ya 5,000 walitia sahihi barua kwa Rais Johnson kumwomba aache kutumia dawa hizo vitani. Mwaka 1969 ilijulikana kwamba 2,4,5-T ilizalisha vilema katika panya waliojaribiwa, na mwaka 1970 jeshi likaamriwa kuacha kutumia Agent Orange. Mwaka 1975 Rais Ford aliahidi ya kwamba nchi yake haitakuwa ya kwanza kutumia dawa za kuua mimea vitani. Hakuna hata moja ya hayo lililomrudishia mtu afya yake. Lakini latuonyesha ya kwamba mtu mmoja anayekubali kuulizwa juu ya kazi ya mikono yake ana faida kuliko mia wasemao hawakukusudia.

Basi jibu letu kwa mzee ni hili. Aliyemwaga sumu juu ya nchi ili kumshinda adui hakuua majani tu. Alimgusa mlaji wa chakula, na mnywaji wa maji, na mtoto ambaye hajazaliwa. Tena tofauti yake na mwenye bunduki si kwamba dhambi yake ni ndogo, bali kwamba haioni. Mwenye bunduki humwona anayeanguka. Huyu hupita juu, akarudi nyumbani akala chakula chake, na maiti zake huzikwa miaka ishirini baadaye na watu asiowajua. Dkt. Luther, alipoieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye kuua kwa mkono. Alitufundisha tusimdhuru jirani mwilini mwake kwa namna yo yote, bali tumsaidie katika haja zake. Katika Vietnam jirani huyo alikuwa chini ya mawingu, wala ndege haikumwona. Lakini alikuwa jirani.

Na sisi je? Tusiandike habari za Wamarekani na Waingereza na Wajerumani kana kwamba sisi tumekaa pembeni na mikono safi. Kwanza tuseme haki: dawa za magugu zinazouzwa madukani leo si Agent Orange. Ile 2,4,5-T imekwisha kukatazwa katika nchi nyingi. 2,4-D ingali ikitumika, na nyingine za namna nyingine, nazo zimewapunguzia wengi mzigo wa jembe, hasa wajane na wazee wasio na nguvu. Hatuwahukumu. Lakini yako mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Tumeona mtu akikoroga dawa kwa mkono mtupu. Tumeona mwingine akipulizia upepo ukivuma kuelekea nyumba ya jirani. Tumeona bomba likioshwa katika kijito ambacho chini yake watu huchota maji. Na vijito vyetu huteremka mpaka Mkondoa, na Mkondoa huingia Wami, na watu wa huko hatuwajui hata majina. Tumeona dumu lililokuwa na sumu likisuuzwa mara moja na kutiwa mafuta ya kula. Ukimwuliza mtu husema, “Ni dawa ya majani tu.” Ndilo neno lile lile.

Tena kuna jambo zito zaidi. Wilaya yetu ya Kilosa yajua ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 walikufa katika ugomvi huo. Leo mtu mwenye chuki na jirani yake ana bomba mgongoni. Hatusemi kwamba limetendeka. Twasema laweza kumjia mtu moyoni usiku, kupita katika shamba la mwenzake, au katika malisho ya mwenzake, na asubuhi aseme ya kwamba hakumgusa mtu. Walimu wenzetu, likemeeni wazo hilo mapema, lingali changa. Wazee husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Siku hizi mtu aweza kupigana na nyasi zenyewe, na aumiaye ni mwenye kula juu yake, mnyama na mtu.

Kwa hiyo twawasihi mambo machache yanayowezekana. Asiyejua kusoma maandiko ya chupa, amwombe anayejua. Na ninyi mlio na elimu msichoke kuwasomea. Fungeni pua na kinywa, vaeni mikono ya mpira, msipulizie katika upepo, msioshe bomba mtoni. Dumu lililokwisha litobolewe, lisirudi jikoni. Watoto wasitumwe kuibeba. Na kabla ya kununua, ulizeni: hii ni nini, yakaa udongoni muda gani, yafika wapi? Kuuliza kabla ni kazi ndogo. Kule Vietnam wangali wakilipa gharama ya kutouliza.

Tulipomsomea mzee haya, alinyamaza kitambo, kisha akatuambia ya kwamba nyumbani kwake lipo dumu la njano ambalo wajukuu huchotea maji tangu kiangazi cha mwaka jana. Akaaga mapema kuliko desturi yake, akaenda kulitoboa.